Ndiyo, Mama Ana Watoto: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri na Maofisa Ustawi wa Jamii wa mkoa huu,
Na kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu.

YAH: WAZEE WENYE NDUGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini, na barua za namna hii nimeandika nyingi: za madawati, za matundu ya vyoo, za walimu wa ziada. Zote zilipita kwa Mwalimu Mkuu kwanza. Hii naomba ipite moja kwa moja, kwa sababu haihusu shule, na kwa sababu nilishajaribu njia ya kawaida nikaishia kwenye swali moja la fomu ya kuomba msaada kwa mama yangu anayepoteza kumbukumbu.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Je, mzee ana watoto au ndugu? Nikaandika: Ndiyo, watoto watano. Ofisa aliyekuwa mbele yangu, mtu mpole tu, sitaitaja ofisi yake, akasoma hapo, akafunika kalamu yake. Akasema, "Mwalimu, huyu mzee wako ana watu." Sikuwa na jibu. Mama kweli ana watu. Niliondoka na fomu yangu ikiwa imejazwa robo ukurasa, nikapanda daladala, na nilipofika nyumbani nikafungua kufuli la mlango wa chumba cha mama yangu.

Kufuli hilo nitalirudia. Kwanza mmjue aliyekuwa ndani.

Mama aliuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliishia darasa la nne, na daftari la madeni hakuwahi kuwa nalo. Mama lishe wa Mabatini anadaiwa sado mbili, yule wa Igoma gunia na nusu tangu giza lililopita, mwenye lori la Shinyanga amelipa nusu. Yote hayo yalikaa kichwani mwake na hakuna aliyewahi kumbishia. Kwa asiyeijua kazi hii: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, maboti yanalala. Ndiyo maana watu wa dagaa wana kalenda yao. Mtu anakwambia "nitakulipa giza lijalo" na mnaelewana. Maboti yanaingia alfajiri, na anayetaka mzigo mzuri anakuwa ufukweni saa kumi usiku, kanga mbili mwilini, ndoo mkononi. Mama aliamka saa tisa maisha yake yote. Hilo nalo litarudi.

Mwaka 2019 alianza kurudisha chenji mara mbili kwa mteja yuleyule. Baadaye akawa anauza sado kwa bei ya miaka kumi nyuma, na wateja, siwalaumu, wakawa wananunua haraka haraka. Tulicheka. Tukasema ni uzee. Dada yangu wa Dar es Salaam akasema anahitaji kupumzika, tukamstaafisha, na nadhani hapo ndipo tulipomwondolea kamba ya mwisho aliyokuwa ameishikilia, maana kule mwaloni mikono yake ilikuwa bado inajua cha kufanya hata kichwa kilipokwama.

Ilituchukua miaka miwili mingine kumfikisha kwa daktari anayejua jambo hili. Alimuuliza tarehe, mama akaangalia dirishani. Akamuuliza Rais wa nchi ni nani, mama akajibu bila kusita, "Mzee Mwinyi." Daktari hakucheka. Aliagiza vipimo vya sukari, presha, tezi ya shingo na kaswende, akatueleza kwamba yapo magonjwa yanayomsahaulisha mtu na yanatibika, kwa hiyo ni kosa kumhukumu mzee kabla ya kuyaondoa hayo kwanza. Majibu yote yakarudi safi. Ndipo akatuambia: dimensia, na kwa jinsi ilivyokuja polepole, ni ile inayobeba jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeieleza kwa wenzake mwaka 1906. Si uzee. Ubongo wenyewe unakufa kidogo kidogo. Dawa ya kuurudisha hakuna. Zilizopo huwapunguzia baadhi makali kwa muda. Cha karibuni ndicho kinachotangulia kufutika, na cha zamani hubaki hadi mwishoni.

Maelezo hayo niliyasikia kwa masikio tu. Nilikuja kuyaelewa darajani.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mimi na ndugu zangu tuliona hii ndiyo nafasi ya kumpeleka mama Sengerema akamwone kaka yake bila adha ya kusubiri kivuko. Tukapanda gari la kukodi, mama kakaa katikati yetu, ana furaha, anaimba. Tulipotoka ukingoni na maji yakaonekana pande zote mbili, akanyamaza. Halafu akanishika mkono akaanza kupiga kelele kwamba dereva amepotea, gari limeingia ziwani, tunazama. Kilomita tatu nzima. Tulimwonyesha nguzo, tulimwonyesha magari mengine, dereva alipunguza mwendo, na yeye akazidi kulia na kutaja majina ya watu waliokwishakufa ili waje watuokoe. Hakuwa mwendawazimu. Kwa mama, Busisi panavukwa kwa kivuko, amepavuka hivyo tangu akiwa msichana, na hilo daraja halikuwa limejengwa kichwani mwake. Ukiwa na kumbukumbu zake, ungepiga kelele vilevile.

Tuliporudi jioni tulimfunga macho kwa kanga kama mchezo. Alilala usingizi njia nzima.

Sasa Waheshimiwa, nije kwenye usiku ulionifanya nijaze ile fomu. Nauandika kwa kirefu kwa sababu naamini hapa kwetu ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na ulivyo kwingine.

Mama alikuwa ameshaanza kutoka usiku. Saa tisa akili yake inamwambia maboti yanakaribia, anavaa kanga zake mbili, anatafuta ndoo. Siku hiyo mlango haukufungwa vizuri. Aliteremka mtaani, akakosa njia ya ziwani ambayo siku hizi imejaa nyumba, akaingia ua wa watu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtoto mwenye homa kali, siku ya tatu. Mama wa mtoto alitoka kwenda chooni akamkuta bibi kizee amechuchumaa karibu na dirisha la chumba cha mgonjwa, anapapasa mchanga kwa viganja, ananong'ona.

Macho ya mama yangu ni mekundu. Alibanika samaki miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye dagaa, na moshi wa kuni haukuacha kitu.

Sihitaji kuwaeleza ninyi maana ya hayo yote kwa pamoja, katika Usukuma, saa tisa usiku. Mikoa yetu ya kanda ya ziwa ina historia ndefu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa kisa cha macho mekundu na ndoto ya jirani, na polisi wamehangaika miaka na miaka na waganga wapiga ramli chonganishi. Ilipigwa yowe. Watu wakatoka. Nilipofika mimi, nimefunga shuka juu ya gauni la kulalia, walikuwa wanaume kama kumi na watano, na wawili wana panga. Aliyemwokoa mama ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anarudi kutoka kazini. Alimmulika usoni kwa taa ya pikipiki akasema kwa sauti kubwa, "Acheni! Huyu ni Mama Dagaa! Alikuwa anatukopesha nyumbani!" Akasimama hapo, taa imewaka, mpaka nikafika. Mama alikuwa ananiangalia bila kunijua. Aliniuliza jambo moja tu: "Boti zimeshaingia?"

Mtoto yule alipona, ilikuwa malaria. Nashukuru sana alipona, na msome kati ya mistari kwa nini nashukuru hivyo.

Kesho yake nilinunua kufuli.

Naandika haya jina langu likijulikana kwa wanaonijua, na najua wapo watakaonihukumu. Kwa miezi saba nilimfungia mama yangu kwa nje kuanzia saa moja asubuhi ninapokwenda kazini hadi saa tisa alasiri, nikimwachia uji kwenye chupa na ndoo ya haja, siku zile ambazo hatukuwa na msichana wa kazi. Wasichana walikuja watatu ndani ya mwaka mmoja. Wa kwanza aliondoka baada ya mama kumtuhumu mbele ya majirani kwamba ameiba magunia sita ya dagaa. Wa pili alipigwa mwiko. Wa tatu alikuwa mzuri, akaolewa. Na wote watatu walikuwa watoto wa miaka kumi na tisa, ishirini, hawajawahi kuambiwa chochote kuhusu ugonjwa huu, nawaachia mtu mzima ambaye mimi mwenyewe, mwanawe, nilikuwa simuwezi. Mkipita nyumba kwa nyumba Nyakato, Igoma, Buhongwa, Nyegezi, mtazikuta kufuli nyingine. Hakuna anayezitangaza.

Mtauliza, na hao wengine wanne wako wapi? Kaka mkubwa yuko Geita, mgodini, kwa zamu. Dada yuko Dar na watoto watatu. Mdogo wetu wa nne naye ni mgonjwa. Wa mwisho ni dereva wa lori, leo Kahama kesho Rusumo. Kila mwezi wanatuma. Hakuna aliyemkimbia mama. Lakini fedha iliyotumwa kwa simu haiwezi kumshika mtu mkono saa tisa usiku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo itakayoendelea kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ya wazee yawe hatua ya mwisho kabisa. Sina ugomvi na sera hiyo. Iliandikwa na watu wanaoijua jamii yetu, na mimi mwenyewe nimelelewa ndani ya boma ambalo bibi hakukaa peke yake hata dakika moja. Makazi ya Bukumbi kule Misungwi yanahifadhi wazee wasiojiweza ambao hawana mtu, na ni haki yao, na nisingependa mama yangu mwenye watoto watano achukue kitanda cha mzee asiye na hata mmoja. Ninachosema ni kwamba karatasi zenu zinawajua wazee wa aina mbili, mwenye ndugu na asiye na ndugu. Ugonjwa huu unazaa wa tatu. Ana ndugu, wanampenda, wanachangia, na bado hakuna kati yao anayeweza kukaa macho saa ishirini na nne. Kwa mzee wa presha au wa miguu, mjukuu wa miaka kumi anatosha kumletea maji. Kwa huyu wa tatu hatoshi hata mtu mzima mmoja, maana mtu mzima huyo naye hulala.

Tuliitisha kikao cha ukoo. Nilikuwa nimesikia kwa mwalimu mwenzangu habari za nyumba moja, mbele ya Usagara, inayoendeshwa na muuguzi mstaafu. Anaishi na wazee kumi na mmoja, wengi wenye shida kama ya mama, na wasaidizi wanne wanaopokezana usiku na mchana. Ada yake ni laki tatu na nusu kwa mwezi. Tukigawana watano inaumiza lakini inawezekana.

Mjomba alikuja kutoka Sengerema, akakaa kwenye kiti cha baba, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Tangu lini Msukuma akampeleka mama yake kwa watu?" Shangazi akadakia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, wao ndio wanaotupa wazee wao. Wifi yangu akaanza kulia. Kaka yangu, ambaye tangu utotoni hasemi sana, aliinuka, akaenda chumbani kwa mama, akarudi na lile kufuli, akaliweka mezani mbele ya mjomba. Hakusema neno. Mjomba aliliangalia muda mrefu. Akauliza, "Hili la nini?" Nikamweleza.

Hakukubali siku hiyo. Wala hakukataa tena.

Siku ya kumhamisha, yule muuguzi alitupa masharti ambayo nayaandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye mzigo kama wangu. Msimnunulie kitu kipya. Kitanda chake, shuka zake zilizochakaa, kigoda chake, vije kama vilivyo, tena visifuliwe wiki hiyo, vibaki na harufu ya kwake. Msimdanganye kwamba anakwenda kutembea na kurudi, lakini pia msimhutubie. Mwambieni tunakwenda mahali pana kazi na watu. Msibishane naye. Akisema leo ni mwaka 1988, mulizeni bei ya dagaa ilikuwaje. Na mmoja wenu alale hapa usiku wa kwanza. Nililala mimi, kwenye mkeka.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya. Alimkwaruza msaidizi. Alikataa kula ugali wa hapo mpaka nilipopeleka unga wenye udaga, muhogo mkavu. Alikonda. Aliniita mimi "mayu", mama, akaniomba nimrudishe kwa mumewe, na baba alifariki mwaka 2004. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikajiuliza kama mjomba hakuwa na haki.

Kilichobadilisha mambo ni chanja. Muuguzi aliona mama anamwaga mchele wa chakula cha mchana juu ya kanga uani na kuupanga kwa viganja, anaugeuza, anaupuliza. Wasaidizi wakawa wanaona anaharibu chakula. Yeye akamwita fundi, akamtengenezea chanja ndogo ya wavu juu ya miti minne, urefu wa kiuno, mahali pa jua. Akanunua dagaa wabichi ndoo moja. Mheshimiwa, kama ungemwona! Mtu asiyejua jina la mwanawe alizimwaga, akazitawanya kwa mikono miwili kama anayetandika kitanda, akatoa furu, samaki wa aina nyingine, wawili waliochanganyika humo akawatupa pembeni bila hata kuangalia, akafukuza kuku kwa mguu, na kila baada ya muda akawa anapitisha kiganja chini ya safu na kuigeuza. Jioni aliokota moja, akaivunja, akaisikiliza. Dagaa aliyekauka hulia anapovunjwa. Akasema, "Bado."

Siku hizi anaanika kila siku yenye jua. Siku dagaa hawapo, anaanika michembe ya viazi vitamu, au maharage, au mchele uleule, hana ubaguzi. Saa tisa usiku bado anaamka, na msaidizi wa zamu anaamka naye, wanazunguka ua na tochi, wanaambizana boti bado, wanarudi. Geti limefungwa lakini chumba chake hakina kufuli.

Msinielewe vibaya kwamba nimewaletea hadithi ya nyumba kamilifu. Vyumba vinabana. Choo kimoja kina ngazi, mzee mmoja alishateleza. Daktari hafiki, mzee akiugua, familia inatafuta gari. Na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuingia pale kukagua, jambo ambalo analilalamikia zaidi muuguzi mwenyewe. Alikwenda ofisi fulani kuomba asajiliwe. Wakamzungusha wiki tatu, mwisho akashauriwa akate leseni ya nyumba ya kulala wageni, ili mambo yaishe. Alinihadithia huku anacheka hadi machozi: "Mwalimu, eti mama yako ni mgeni wa gesti."

Mimi nilicheka siku hiyo. Usiku sikulala. Kama mwema kama huyu anaweza kufanya kazi bila kuonekana na mtu, hata mbaya anaweza. Kesho mtu atakodi nyumba, atajaza wazee, atawafunga kamba vitandani, na sisi watoto tuliochoka tutalipa na kushukuru.

Sasa maombi yangu, kwa adabu.

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana mnajua kuvisajili. Mnapima vyumba, mnahesabu vyoo, mnauliza mlezi kasomea wapi, mnarudi kukagua. Fanyeni hivyohivyo kwa nyumba za wazee, hata za watu binafsi, hata zenye wazee wanne. Hilo halihitaji jengo jipya.

La pili ndilo ninalolililia zaidi. Tupeni mahali pa wazee pa kushinda. Familia nyingi haziwezi laki tatu na nusu, na nyingi hazihitaji kumhamisha mzee. Zinahitaji masaa ya kati ya saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Ukumbi wa kata upo, mara nyingi umefungwa. Makanisa na misikiti ina kumbi. Kule Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwafuata wazee vijijini kwao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba kati ya kila mia wenye miaka 70 na zaidi, sita na ushee wana dimensia. Hawakuishia kuhesabu. Baadaye walijaribu vikao vya kuchangamsha akili kwa vikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba: maongezi, nyimbo, picha za zamani, kazi za mikono. Bila mashine yoyote. Wazee walionyesha nafuu. Ni Tanzania hii hii, wala si Ulaya. Mkoa wetu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 3.6. Wazee wa namna ya mama yangu wamo humo, na sisi hatujawahesabu.

Tena, wapeni elimu watu wanaokutana na wazee hawa kabla ya daktari. Wenyeviti wa mitaa, sungusungu, polisi jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na vijana wa bodaboda kwa sababu wao ndio walio macho saa tisa. Wafundishwe jambo moja tu, kwamba bibi anayetangatanga usiku na kunong'ona huenda ni mgonjwa aliyepotea njia. Aulizwe jina la watoto wake, aketishwe mahali penye mwanga, familia itafutwe. Nyimbo za kupinga mauaji ya vikongwe tumeziimba kwenye maadhimisho ya tarehe 1 Oktoba miaka mingi, na nimewafundisha wanafunzi wangu kuziimba mbele yenu, mmekaa chini ya turubai. Sikumbuki hata wimbo mmoja uliotaja ugonjwa huu.

Kuhusu dirisha la wazee hospitalini, sina mengi. Bango la kumpisha mzee kwanza lipo na watu wanampisha kweli. Dawa ndiyo hukosekana mara nyingine, lakini hilo mnalisikia kila siku kwa wengine.

Na mwisho lile swali la fomu. Naomba lisifutwe, liongezewe. Baada ya "Je, mzee ana watoto au ndugu?" wekeni mstari mwingine: "Nani yuko naye saa nne asubuhi? Nani yuko naye saa tisa usiku?" Muache nafasi ya kutosha kujaza, kwa sababu wengi wetu tutaandika, tutafuta, tutaandika tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mtoto wa pili wa Mama Dagaa
Mwanza

Nakala:
Mwalimu Mkuu, kwa taarifa, na samahani kwa kukuruka.
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.
Kijana wa bodaboda. Mama hakukumbuki, sisi tunakukumbuka. Wabeja sana, asante.
Mjomba, Sengerema. Jumapili tunakwenda Usagara kumwona, dagaa zimeshakauka na amekutengea sado moja bila kujua ni ya nani. Ukivuka mapema, gari lina nafasi.